Ndoo ya Uani

Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, lakini kimya cha chura kilimfanya Raya aiache chai yake. Chura wake alikuwa amelegea ndani ya beseni linalonuka dawa ya maji ya bomba.

"Wifi, maji ya ndoo ya uani yako wapi?"

"Nimeyaogea," alijibu Salha. "Chura nimemwekea ya bombani. Naye anachagua maji?"

"Ya ndoo nayaacha wazi siku nzima dawa itoke! Chura hunywa kwa ngozi, wifi!"

Raya akamwaga maji ya beseni, akakwapua mtungi wa maji ya mvua aliyotunziwa mama mkwe, akamimina yote.

"Mama atakunywa nini? Kamwombe radhi!"

Koo la chura likacheza mara moja. Raya akainama, akingoja mara ya pili.

"Siombi."