Taa ya Kijani

Tangu wakubwa watuvishe bangili za kupima homoni, na wao wenyewe mikono mitupu, daktari hamsikilizi mgonjwa tena. Anaitazama taa ya bangili.

"Shingo imevimba, nywele zinanyonyoka, na hedhi imekatika," Siwatu alimweleza, akiona haya mbele ya baba yake.

Daktari aliutupia jicho mkono wa msichana. "Kijani. Huna tatizo, binti."

"Macho umepewa ya nini?" Mzee Shekue alimuuliza. "Shingo ya mwanangu si hiyo hapo?"

"Mzee, mimi nafuata utaratibu."

Njiani Siwatu aliuliza, "Baba, bangili ya marehemu mama ilikuwa inawaka rangi gani?"

Shekue aliongeza mwendo. Nyumbani kabatini, ndani ya kanga, bangili waliyomvua mkewe siku ya kumzika ilikuwa bado inawaka kijani.