Mgongo Ukutani

Injinia kutoka Mbarara aligonga kuta za darasa la Nakivale kwa kifundo cha kidole, akisikiliza kama lipu bado imeshikana. Ikiwa nzima, Kalume, aliyelijenga, angelipwa leo fedha zilizozuiliwa mwaka mzima kama dhamana ya kazi, naye angewalipa mafundi wake.

Kalume alikuwa ameegemea pembe ya dirisha. Nyuma ya mgongo wake lipu ilikuwa imeachana na tofali. Chembe za mchanga zilimwingia ukosini.

“Mzee, ukitoka hapo ukuta itaanguka?” Injinia alicheka, akatoa kalamu asaini malipo.

Kengele ililia. Wanafunzi waliingia, na binti mmoja akaketi kwenye dawati lililo chini ya pembe ile.

Kalume alisogea, akaionyesha pembe aliyokuwa ameiegemea.

“Injinia, piga na hii fasi.”