Alama za Breki

"Nani alifagia hapa?" karani wa polisi aliuliza, utepe wa kupimia mkononi.

"Ni mimi, muzee," Athanasie alijibu. "Damu ya mutu haikanyagwi."

Asubuhi hiyo lori lilikuwa limemgonga mchungaji mbele ya nyumba ya Athanasie, kwenye barabara ya Munigi, na dereva alikuwa mwana wa Athanasie. Polisi walipoondoka na maiti na dereva, Athanasie alifanya kama mama yake alivyomfundisha. Aliichota damu pamoja na udongo wake, akaizika migombani, kisha akafagia barabara ukingo hadi ukingo. Vumbi jeusi la volkano lilikuwa bado limemjaa kwenye kucha.

Karani alikunja utepe polepole. "Mutoto wako anasema alifunga breki toka mbali. Magurudumu yangechimba udongo, mama. Ningepima, ningeandika ajali. Bila alama, naandika aliua kwa uzembe. Hiyo ni prizo, atafungwa."

Athanasie alitazama chini. Kabla hajafagia, ilikuwepo mifereji miwili, mirefu, yenye kina cha kidole. Ufagio ulishindwa kuisawazisha, akaifukia kwa mguu wake mwenyewe.

"Niliziona, muzee. Hizo alama niliziona."

"Wewe ni mama yake," karani alisema, akafungua kalamu.

Mlango wa jipi ya polisi ukafunguka. Mwanawe alishuka, mikono kwenye pingu, na alipomwona mama yake uso wake ukapata nafuu.

"Mama," alisema, "muonyeshe pale nilifunga breki."