Mchi wa Kuazima

Kazi yangu ni kuchambua vitabu vya mapishi gazetini hapa Accra, na hiki cha mdogo wangu Esenam nilikifungua nikitafuta makosa. "Picha tele, ladha hamna," nilishaandika.

Nikafika kwenye shito, ile sosi nyeusi ya pilipili na samaki ya mama, inayonishinda kupika mpaka leo. Kidole changu kikaganda kwenye mstari.

"Siku ya kutwanga samaki wakavu," Esenam ameandika, "mama alikuwa akificha mchi wetu chini ya kitanda. 'Mwanangu, hebu kimbia kwa shangazi yako ukaazime mchi!' anamwambia dada. Dada akitoka tu, ananigeukia: 'Haya, sogea nikuonyeshe.'"

Nami nilikuwa nikirudi mbio, mchi begani, natweta, nisije nikawachelewesha.