Tundu la Marseille

Deolinda aliibandua ramani kuukuu ukutani, jikoni kwa mama yake pale Braga, akaitandaza mezani. Akaanza kupanga maharage makavu kwenye miji ya safari yake na mama, kila harage usiku mmoja: Sevilla, Barcelona, Genova, Venisi.

"Venisi maji yanafika mlangoni, mama."

"Miaka hamsini nadeki nyumba hii. Maji ya mlangoni nayajua."

Deolinda akacheka. Ndipo akaona tundu. Jina la Marseille halikuwepo. Karatasi ilikuwa imelika, kingo zake laini kama kitambaa kilichofuliwa sana.

"Panya huyu?"

"Panya wa wapi." Mama aliendelea kumenya viazi. "Ulipokuwa mdogo ulikuwa unalia kila jioni, baba yuko wapi. Nakishika kidole chako, nakuonyesha: yuko hapa, anapakua meli. Miaka tisa, mwanangu. Na ukishalala, naendelea mwenyewe."

Deolinda akaweka kidole pale. Kikagusa mbao ya meza.

"Mbona hukuwahi kusema unataka kwenda?"

"Nani aliniuliza?"

Deolinda akalitoa harage la Venisi, akaliweka kwenye tundu.

Mama akafuta mikono yake kwenye aproni, akasogeza hapohapo na lile la Genova.