Siku Malkia Aliponyamaza

Kitendawili! Nawasikia mkisema "tega", basi natega: alisema kila siku asisikike, siku aliponyamaza, ukumbi mzima ulimsikia. Ni nani huyo? Msikimbilie kujibu, mtajikwaa.

"Piga magoti!" Kiongozi wa kikundi cha maigizo alifoka. Yalikuwa mazoezi ya mwisho. "Piga magoti, lia, omba msamaha, kunywa sumu, kufa. Kigumu hapo ni nini?"

Fundi cherehani, aliyeigiza malkia, alisimama katikati ya jukwaa, mikono kiunoni, taji lake la karatasi limelala upande.

"Lakini Kiongozi, huyu malkia amemfungulia kaka yake lango, huku akijua yeye mwenyewe atauawa. Mtu mwenye moyo huo ndiye wa kugaagaa chini?"

"Tamthilia hii ni ya tangu enzi. Wanawake wake hulia, halafu hufa. Wewe nani uwafufue?"

Kinyozi, aliyeigiza mfalme, alicheka mpaka ndevu zake za pamba zikadondoka.

Fundi alikuwa amelisema jambo hilo kila mazoezi, na kila mara likaingia sikio hili likatokea lile.

Nyuma ya pazia alikaa mama mkwe wa Fundi, ambaye wote walimwita Bibi Pazia. Kazi yake ilikuwa kuwanong'oneza waigizaji maneno waliyoyasahau. Alishawanong'oneza malkia wote waliotangulia, na tamthilia nzima ilikuwa kichwani mwake, hata vikohozi vya mfalme.

"Na wewe, Bibi Pazia," Kiongozi alimtania, "ungekuwa malkia ungefanyaje?"

Watu wakaangua kicheko. Bibi Pazia alifuta miwani yake tu.

"Fundi, nakuonya," Kiongozi akamalizia. "Ukiniharibia onyesho kesho, hutakanyaga tena jukwaa hili."

Fundi akanywea. Kila mahali pengine alikuwa mpunguza suruali za watu. Hapa tu ndipo alipokuwa malkia.

Kesho yake ukumbi ulifurika pomoni. Mfalme akanguruma, "Malkia! Nani alifungua lango?"

Malkia akafungua kinywa. Akakifunga. Akamkazia mfalme macho, kichwa juu, kimya.

"Nimeuliza, nani alifungua lango?"

Kimya.

"Hebu… jibu basi, mama."

"Usimjibu!" mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

"Hapo hapo, dada! Mwache ajitafune!" akadakia wa pili.

Mfalme jasho likamtiririka, ndevu zikaning'inia kwenye sikio moja. Malkia asipokiri, yeye hana neno la kufuata. Akajaribu kumlaumu askari. Akajaribu kusamehe, akajikanyaga joho. Koo likamkauka kabisa, akanyakua kikombe kilichokuwa mezani, akakigugumia chote.

"Ee! Si ndiyo sumu hiyo?" mtu akauliza.

Kinyozi akakitazama kikombe kitupu. Akatazama watu. Akaona hana pa kukimbilia, akafa. Na alikufa kwa bidii, akirusha miguu, mpaka kiatu kimoja kikatua mapajani mwa mtu safu ya mbele. Vigelegele vikatikisa madirisha. Malkia akaenda kukikalia kiti cha enzi, maana ndicho kilichokuwa karibu.

Pazia lilipofungwa, wanawake walipanda jukwaani wakambeba juujuu. "Umetutoa kimasomaso!" wakaimba. "Kesho tena! Kesho tena!"

Kiongozi akapenya kwa viwiko. "Umenikomoa, siyo? Kwa nini ulinyamaza?"

Fundi akateremka, akamvuta kando.

"Haki ya nani, Kiongozi, maneno yaliniruka yote. Nikatega sikio kwa mama aninong'oneze. Nikangoja. Nikangoja."

Kiongozi akalivuta pazia kwa nguvu. "Bibi! Ulisinzia?"

Bibi Pazia alikuwa macho makavu, miwani puani, mikono ameikunja kifuani.

"Uliniuliza ningefanyaje," akasema. "Ndivyo hivyo, mwanangu."