Korongo, Kasuku na Kibaba cha Mtama

Hekaya mnaitaka kila siku, lakini kuni hakuna anayeleta. Haya, sikilizeni.

Korongo aliruka kila alfajiri kutazama Simba amelala wapi, kisha akawaambia wanyama njia salama ya kwenda bwawani. Kwa kazi hiyo kila mmoja alimpa kibaba cha mtama, naye akaishi kwa mtama huo.

Kasuku alikaa mtini akisikiliza, halafu akayarudia yale yale kwa makelele, bure.

"Shoga, wewe ghali," Ngiri akamwambia Korongo. "Habari ni hiyo hiyo, na Kasuku hanidai hata punje."

"Muulize yeye anaipata wapi."

Ngiri hakuuliza. Akaacha kutoa mtama, na wenzake wakamfuata. Korongo akakonda, akaacha kuruka, akashinda akichokora wadudu.

Kasuku hakunyamaza. Asubuhi moja akaita, "Simba yuko kilimani!" Ngiri akawapeleka wanawe watatu kunywa maji, kumbe Simba yuko pale pale bwawani. Akarudi na wawili.

"Wewe mdomo, si ulisema yuko kilimani?"

"Alikuwa kilimani, mama."

"Ulisikia lini?"

"Korongo alipokuwa bado anakula."

Ngiri akambebea Korongo kibaba cha mtama. Korongo akala, akajaribu mabawa, yakakataa. "Lete kingine, shoga," akasema. "Na kesho ulete tena."

Mpaka Korongo anaruka, Ngiri alikuwa amemaliza ghala zima, na yule mtoto wa tatu hakurudishwa.